Kabla hujapiga window, hebu tazama faili limekufa vipi

Leo nina la rohoni, na mafundi watanikasirikia.

Sisi tunaosoma kompyuta hapa Unguja tuna ugonjwa wa kupiga window. Mashine ikigoma, window. Faili halifunguki, window. Flashi inagandisha kompyuta kila ukiichomeka, unaiformati na maisha yanaendelea. Juzijuzi mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu kapeleka laptop kwa fundi mjini, kisa folda moja haifunguki. Karudishiwa laptop safi kama sahani, ripoti ya mradi imekwenda na maji. Ripoti ataandika upya, Mungu atamsaidia. Kinachoniuma mimi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyeuliza ile folda ilikufa kwa sababu gani.

Sasa sikilizeni kisa cha Mjerumani mmoja, Max Kellermann. Alikuwa akifanya kazi kampuni ya kuhifadhi tovuti. Aprili 2021 mteja kalalamika kwamba faili la kumbukumbu za tovuti yake, lililobanwa, halifunguki. Max akalirekebisha kwa mkono, akafunga malalamiko, akasahau. Miezi ikapita, likaharibika jingine. Na jingine. Hapo ndipo alipokaa kitako. Akakuta mafaili yote yameharibika mwishoni, baiti 8 tu, na zilezile kila mara! Tena mengi ni ya siku ya mwisho wa mwezi. Jamani, ingekuwa huku kwetu tungesema diski imechoka, nunua nyingine.

Yeye aliendelea kuchimba mpaka Februari 2022 akafika kwenye kerneli ya Linux, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachoamua nani aguse faili gani. Akaandika programu mbili fupi sana za lugha ya C kuthibitisha, na tarehe 20 akaripoti. Tarehe 23 marekebisho yametoka. Machi 7 dunia nzima ikaijua kwa jina la Dirty Pipe, namba CVE-2022-0847.

Kasoro yenyewe ni hivi. Ukisoma faili, kerneli inaweka nakala yake kwenye memori ili anayefuata apate haraka, na programu zote zinatumia nakala hiyohiyo. Programu zikipitishiana data kwa bomba, kerneli inaweza kuunganisha bomba moja kwa moja na ile nakala badala ya kuinakili tena. Kila kipande cha bomba kina alama inayosema kama ruhusa kuongezea data au la. Waandishi wa kerneli walisahau kufuta alama ya zamani. Ni kama gunia la karafuu lililobaki na chaki ya mzigo wa jana: mpakizi anaona alama, anaongeza, haulizi. Kwa hiyo mtumiaji wa kawaida kabisa aliweza kuandika juu ya faili aliloruhusiwa kusoma tu, hata lile la orodha ya watumiaji wa mashine, akajifanya mkubwa wa mfumo. Usahaulifu huo uliingia toleo 4.9 mwaka 2016, ukawa hatari toleo 5.8 mwaka 2020. Simu za Android mpya za wakati ule, mfano Pixel 6, nazo zilikuwamo. (Zile kuukuu zetu za Darajani zilisalimika, kerneli zao za kizamani mno. Uzee dawa!)

Na si yeye peke yake. Dirty COW, ya 2016, ilikuwa imekaa kwenye kerneli tangu 2007. Phil Oester aliinasa kwa sababu alikuwa akirekodi data zote za HTTP zinazoingia kwenye seva yake, hivyo ilipovamiwa alikuwa na ushahidi wa silaha iliyotumika. Fikiria kama angepiga window tu.

Najua mtaniambia, yakhe, sisi na kerneli wapi na wapi, huku umeme wenyewe wa mashaka. Mimi naona kinyume. Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima 2008, na kama miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, mfumo wa mafaili unabaki nusunusu, na hapo ndipo msimbo wa kuurudisha unapojaribiwa kwelikweli. Watafiti wa Ulaya na Marekani wanatengeneza mafaili ya diski mabovu kwa makusudi ili waone kerneli itaanguka wapi, maana kerneli inasoma flashi ikiwa na mamlaka yote, na ikidanganyika hapo, mlango uko wazi. Sisi flashi mbovu tunazo mifukoni, bure, halafu tunaziformati! Na msimbo wa Linux uko wazi kwa kila mtu, hauombi viza.

Naomba walimu watukubalie hili liwe mradi wa mwaka wa mwisho. Mifumo ya kusajili wanafunzi tumeshatengeneza ya kutosha, kila mwaka ileile rangi tofauti.

Wakati tunasubiri, mwenye flashi inayogandisha mashine asiiguse. Aniletee Tunguu, nitainakili nzima kwa dd kama ilivyo na kumrudishia yake. Mafaili ya siri atoe mapema, sitaki kesi.