Ati Ni Mzaha Tu!

Wapo ndugu zetu ambao kila wakiambiwa neno juu ya michezo ya kuchekesha ya televisheni hujibu upesi: "Ah, huo ni mzaha tu, msiukuze." Makala haya yanawajibu hao. Wala hatusemi kwamba kucheka ni dhambi. Mwenye kusema hivyo ana kazi yake na sisi tuna yetu. Tunalouliza ni hili: anachekwa nani, mbele ya nani, na je, ana nafasi ya kujibu?

Tuchukue mchezo mmoja uliojulikana dunia nzima, nao ni The Office. Ulianza kuonyeshwa na BBC ya Uingereza mwezi wa Julai 2001. Waliouandika ni Ricky Gervais na Stephen Merchant. Gervais alikuwa amekaa miaka mingi katika kazi ya ofisi kabla hajawa mashuhuri. Merchant naye, alipokuwa akijifunza utengenezaji wa vipindi huko BBC, alipewa fursa ya kupiga filamu fupi, akamchukua mwenzake aigize bosi mmoja mwenye kujiona. Hiyo ndiyo iliyokuwa mbegu. Mambo yote yanatokea Slough, mji ulio karibu na London, katika kampuni ya kuuza karatasi. Humo hamna vile vicheko vya kurekodiwa vinavyomwambia mtazamaji kuwa hapa ucheke. Kamera huenda kana kwamba inapiga filamu ya mambo ya kweli. Humfuata bosi, David Brent, na mara hugeuka ikawatazama makarani wake. Na katika nyuso za makarani hao ndimo ulimo mchezo wenyewe.

Katika sehemu ya kwanza kabisa, Brent anamwita Dawn, msichana wa mapokezi, mbele ya kijana mgeni aliyekuja kuanza kazi. Anamtuhumu kuwa ameiba vikaratasi vya kubandika vya ofisi, na kwamba kwa ajili hiyo amefukuzwa. Msichana analia. Ndipo bosi anapomwambia kuwa alikuwa akimfanyia mzaha! Tazama basi, ndugu msomaji: neno lile lile wanalolisema ndugu zetu ndilo ngao ya Brent. Walioandika mchezo huu walijua vizuri kuliko wanaoutetea.

Sisi Waswahili hatuhitaji kufundishwa masihara. Tunao utani, na utani una sheria yake. Mtani akikuchokoza leo, nawe utamchokoza kesho, hata kwenye msiba, wala hana haki ya kununa. Mlango u wazi pande zote mbili. Lakini mzaha wa mwenye kushika mshahara wako ni mlango wa upande mmoja. Yeye akisema, wewe ucheke. Ukisema wewe, umekosa adabu. Huo hauitwi utani. Ni stihizai, na Sura ya Hujurat imekwisha kutukataza jambo hilo kwa maneno yasiyohitaji tafsiri ndefu.

Nami naandika haya si kwa usafi. Nilipata kufanya kazi katika ofisi moja, sitaitaja, ambayo mkuu wake alipenda kuigiza mwendo wa tarishi wetu. Mzee yule mguu wake mmoja ulikuwa na kasoro. Kila alipoleta barua, mkuu alisimama akachechemea nyuma yake mpaka mlangoni. Sote tulicheka. Nilicheka nami, tena kwa sauti, kwa kuwa siku zile orodha ya watakaoongezewa mshahara ilikuwa mezani pake. Na mzee mwenyewe alicheka pia! Angefanya nini? Alikuwa na watoto na chumba cha kupanga. Mpaka leo nikimwona Dawn analia katika sehemu ile ya kwanza, sioni Slough, naona ule mlango wetu.

Asije mtu akatuambia kuwa haya ni ya Wazungu, hayatuhusu. Wajerumani walikuwa na bosi wao wa namna hiyo tangu 2004, Wafaransa wakamtengeneza wao mwaka 2006, Wahindi 2019, na mwaka 2022 televisheni ya MBC ikatoa mchezo huo kwa Kiarabu, katika ofisi ya Saudia. Kila walipompeleka, wenyeji walimtambua. Hii ndiyo siri ya kupendwa kwake: kila mfanyakazi amekwisha kumwona bosi huyu kwa macho yake.

Lakini ugomvi wetu mkubwa ni juu ya mchezo wa Kimarekani, ulioanza Machi 2005 katika televisheni ya NBC. Ofisi imehamia Scranton, Pennsylvania, na bosi ni Michael Scott, aliyeigizwa na Steve Carell. Sehemu ya kwanza karibu yote ni ile ile, hata kumtuhumu wizi msichana wa mapokezi, ambaye sasa ni Pam. Katika sehemu ya pili bosi anamfanyia kejeli Kelly, mwenye asili ya Kihindi, kwa kuigiza lafudhi ya Kihindi, mpaka anapigwa kofi. Mpaka hapo, sawa. Kisha watengenezaji wakaona bosi mchungu hivyo hatakaa sana katika nyumba za watu, wakamtia sukari. Wakampa upweke, wakampa huruma, wakampa ustadi wa kuuza. Mchezo ukaenda hadi 2013, sehemu 201. Bosi alipoondoka mwaka 2011, wale wale aliowatweza wanamwimbia wimbo wa kumuaga.

Carell ni mwigizaji hodari, hilo hatulikatai. Nimemcheka mara nyingi. Mwaka 2020 pekee Wamarekani waliutazama mchezo huo kwa dakika zaidi ya bilioni 57. Ukizipiga hesabu, ni zaidi ya miaka laki moja ya binadamu, imekaliwa na watu wakijifunza kumpenda anayewatweza, ati kwa sababu moyoni ni mtu mwema! Tarishi wetu hakuwa na haja ya kujua mkuu alivyokuwa moyoni. Alikuwa na haja ya kufika mlangoni.

Waingereza hawakumtia sukari Brent mapema. Misimu 2 ya sehemu 6, na nyongeza ya Krismasi ya 2003, basi. Katika msimu wa pili wakubwa wa kampuni wanampunguza kazini, na habari hiyo anaambiwa akiwa amevaa mavazi ya kuchekesha, siku ya kuchangisha pesa za sadaka. Katika sehemu inayofuata anawakabili wakubwa wake wawili. Maneno yake yote ya mzaha yamemwisha, anawaomba wasimwondoe. Hapigi domo, hajisifu, anabembeleza kama wabembelezavyo watu wote wenye kodi ya kulipa.

Anayesema ni mzaha tu, na aitazame sehemu hiyo, kisha atuambie nani alicheka chumbani mle.