Kisarawe Haina Ufukwe, Ina Msitu

Kila tunapojadili utalii mkoani Pwani macho hukimbilia baharini, kana kwamba Kibaha na Kisarawe, zisizo na ufukwe, hazina cha kumpa mgeni. Lakini ufukwe pekee hautoshi: tuitazame Ngazija, nchini Komoro. Kisiwa hicho cha volkano, chenye mlima Karthala wa mita 2,361, kilikuwa na hoteli ya kifahari ya Galawa, iliyotegemea mtaji na wageni wa Afrika Kusini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikafungwa. Mlima ukabaki, mchanga ukabaki, ajira zikaondoka na mwekezaji. Kilichopungua hapo hakikuwa uzuri wa mahali, bali mkono wa wenyeji katika mali yenyewe. Kisarawe ina misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, kwenye vilima unakoanzia Mto Msimbazi, jirani kabisa na mamilioni ya wakazi wa Dar es Salaam wanaotafuta pa kupumzika. Nyumba ndogo za wageni, mama lishe na vijana waongoza wageni, pamoja na wafugaji wa kuku wa Kibaha, wangegawana fedha za wakazi hao bila kusubiri ndege yoyote itue. Wapo watakaosema hoteli kubwa huajiri wengi kwa mpigo na kulipa kodi nono. Ni kweli, na mwekezaji simkatai. Ila aje akute wanavijiji wana hisa na mikataba ya kumuuzia mazao. Tena mchoma mkaa anayekata misitu hiyo hataliweka shoka chini kwa kuhubiriwa. Ataliweka mti uliosimama ukimlipa kuliko gunia la mkaa. Kwa hiyo fedha za kwanza ziende kwenye maji, vyoo safi na mafunzo ya waongozaji, kabla ya ramani ya hoteli yoyote kuchorwa.