Ukienda kasino, nenda na wenzako

JICHO LA JUMAPILI
Na Hamisi Kitojo

Yakija mapumziko marefu ya mwisho wa juma huko Marekani, wapo watu wetu wanaoishi New Jersey na New York ambao huchanga hela ya mafuta, wakapanda gari moja na kuteremka Atlantic City, mwendo wa saa mbili hivi, kwenda kucheza dadu. Wanalala usiku mmoja au miwili, wanakula samaki, wanatembea kwenye ile barabara ya mbao iliyoko ufukweni, kisha wanarudi makazini. Huku nyumbani safari hizo hazisimuliwi sana, kwa kuwa kasino ni jambo la aibu. Mimi nimekwenda na rafiki zangu, na leo nataka kuzitetea safari hizo, kwa masharti.

Najua wapo wasomaji ambao kwao kamari ni haramu na mjadala unaishia hapo. Msimamo huo nauheshimu, na mwenye kuushika hahitaji hesabu zangu. Naandika kwa ajili ya yule atakayecheza hata akikatazwa, na kwa ajili ya mke, mume, kaka au rafiki yake. Hoja yangu ni kwamba kinachowaangamiza wacheza kamari wengi ni mambo mawili: bei wasiyoiona na upweke. Mchezo wa dadu uitwao craps, ukichezwa kwa utaratibu na watu wanaojuana, una bei iliyo wazi, tena huchezwa mbele za watu. Kamari iliyotuingia mifukoni kwa njia ya simu imeficha bei yake na inamtenga mchezaji na wenzake.

Meza ya craps ina kuta pande zote, na juu yake ukingo wenye mifereji ya kupangia zile sarafu za plastiki za kasino. Kwa kawaida wahudumu wanne ndio wanaoiendesha: wawili wa kupokea na kulipa, mmoja wa kukusanya dadu kwa fimbo iliyopinda, na msimamizi aliyeketi katikati akilinda hesabu. Wachezaji husimama bega kwa bega na kupokezana zamu ya kurusha. Unarusha kwa mkono mmoja, na dadu zote mbili zinatakiwa zigonge ukuta wa upande wa pili, ili asipatikane mjanja wa kuzipanga.

Dau la msingi huwekwa kwenye mstari ulioandikwa PASS LINE. Mrushaji akianza na 7 au 11, wote walioweka hapo wanalipwa. Akianza na 2, 3 au 12, wote wanaliwa. Akitoa 4, 5, 6, 8, 9 au 10, mhudumu anachukua kidude cha duara, anakigeuza upande mweupe wenye neno ON, na kukiweka juu ya namba hiyo. Kuanzia hapo wote wanasubiri jambo moja: namba hiyo irudi kabla ya 7. Ikirudi, wote wa mstari wanalipwa. Ikitangulia 7, wote wanaliwa, na dadu zinakwenda kwa mwingine.

Hapo ndipo uzuri wa mchezo huu ulipo. Kwenye mashine za kamari kila mtu ameinama na kioo chake. Kwenye craps, mama wa Philadelphia usiyemjua anarusha, na riziki yako iko mkononi mwake. Akitoa namba, mnapiga kelele pamoja. Mnajifunza haraka kwamba neno "saba" halitamkwi dadu zikiwa hewani. Tarehe 23 Mei 2009, katika kasino ya Borgata hapo hapo Atlantic City, Patricia Demauro alirusha dadu mara 154 kabla ya kupokonywa zamu, kwa muda wa saa 4 na dakika 18. Hakuwa bingwa wa mchezo, na alianza na dola 100. Walioizunguka meza ile usiku ule walikuwa wakilipwa kwa mkono wake. Sijui mchezo mwingine wa kasino ambao bahati ya mgeni mmoja inageuka sherehe ya watu wasiojuana.

Sasa tuje kwenye bei, kwa maana sherehe isiyojulikana gharama yake ni mtego. Dadu mbili zina namna 36 za kuanguka, na 7 hupatikana kwa namna 6, nyingi kuliko namba nyingine yoyote. Hesabu zilishapigwa zamani: katika michezo 495 ya PASS LINE, kwa wastani mchezaji hushinda 244 na kushindwa 251. Tofauti ni michezo 7. Hilo ndilo fungu la kasino, sawa na dola 1 na senti 41 katika kila dola 100 zinazowekwa. Mchezo mwingine wa kasino, roulette ya Kimarekani yenye sifuri mbili, hutoza dola 5 na senti 26 katika dola 100 hizo hizo. Anayeweka dola 10 kila mchezo wa craps, kwa mwendo wa michezo 30 kwa saa, atagharimika wastani wa dola 4 na ushee kwa saa. Mwisho wa juma dau la chini mara nyingi huwa kubwa zaidi, basi na gharama hupanda kwa kiasi hicho. Na huo ni wastani tu. Usiku wenyewe unaweza kuondoka na faida ya dola 200, au ukaacha pale kila ulichokuja nacho.

Katikati ya meza ile ile yapo madau mengine, yamechorwa kwa rangi za kuvutia, na mwenye fimbo huyanadi kila mrusho. Mojawapo ni la kubashiri kwamba mrusho unaofuata utatoa 7. Kwa haki lingelipwa 5 kwa 1. Kasino hulipa 4 kwa 1. Fungu la kasino hapo ni karibu dola 17 katika kila 100, mara 12 ya lile la mstari. Watu wawili wanaweza kusimama meza moja usiku kucha, mmoja akalipa bei ya burudani na mwingine akakatwa mshahara, na wasijue tofauti yao ilianzia wapi. Ndiyo maana nasema asiyeujua mchezo afundishwe na wenzake hotelini, kwa karatasi na kalamu, kabla ya kuisogelea meza.

Jambo jingine nililolipenda zaidi ni hili. Lipo dau la kinyume, DON'T PASS, la yule anayetaka mrushaji ashindwe. Kwa hesabu ni rahisi kidogo: kasino hupata dola 1 na senti 36 katika 100 badala ya 1 na 41. Wapo wanaojiona werevu wakacheza hivyo, wakapokea malipo wakati meza imenuna. Lakini pigeni hesabu ya tofauti yenyewe. Kwa dau la dola 10, ni nusu senti. Kusimama upande wa rafiki yako anaporusha kunakugharimu nusu senti. Mimi nasema ilipwe, tena kwa moyo mweupe, kwa sababu aliyefunga safari na wenzake hakufuata dadu peke yake.

Kuna watakaonijibu kwamba marafiki ndio hao hao wanaompoteza mtu. Ni kweli, inatokea. Vinywaji vinagawiwa bure mezani, mmoja anaongeza dau, mwingine naye hataki kuonekana mnyonge. Baya kuliko yote ni kukopeshana palepale: "Nipe mia tu, nitakurudishia tukifika." Deni la mezani limevunja urafiki wa watu waliosoma darasa moja. Na utajiri haumkingi mtu. Mchezo huu ulikita mizizi Marekani kupitia New Orleans, mwanzoni mwa karne ya 19, na jina linalotajwa sana ni la Bernard de Marigny, mmoja wa matajiri wakubwa wa mji ule. Alikata mashamba ya baba yake viwanja akaviuza, na mtaa mmojawapo akaupa jina la mchezo wenyewe, Rue de Craps. Alifariki mwaka 1868 akiwa maskini. Kama mali ya Marigny haikutosha, mshahara wa dereva wa lori au wa mhudumu wa wazee hautatosha.

Kwa hiyo kundi peke yake halitoshi. Linatakiwa kundi lililopatana. Usiku wetu pale Atlantic City, mwenzetu mmoja, muuguzi wa zamu za usiku, alimaliza fungu lake mapema. Dadu zilikuwa zimemkataa tangu mwanzo. Akageuka kimya kuelekea mashine ya kutolea fedha, ambayo kwenye kasino huwa haiko mbali, na kadi ilikuwa tayari mkononi. Rafiki yake tangu sekondari akamfuata, akamshika kiwiko, akamwambia, "Kaka, tulikubaliana. Twende tukale." Muuguzi alikasirika. Alisema maneno mawili matatu ambayo sitayaandika. Kisha akairudisha kadi mfukoni, wakatoka wote wawili. Baadaye walirudi, naye akasimama nyuma yetu bila hata sarafu moja, akitushangilia kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote. Aliumizwa na hasara, lakini hasara yenyewe ilikoma pale alipokuwa amepanga ikome.

Sasa mfikirieni kijana wa huku nyumbani, wa Manzese au Kawangware, saa nane za usiku, amejifunika shuka na simu yake. Anasuka mkeka wa mechi kumi, au anakodolea macho kindege kinachopaa kwenye kioo. Fedha iko kwenye simu ileile anayochezea, kwa hiyo hata ile safari fupi ya kwenda kwenye mashine ya fedha haipo. Hakuna anayemwona akipandisha dau. Hakuna wa kumshika kiwiko. Mkewe atajua siku ada ya mtoto itakapokosekana.

Na bei yake je? Tuchukue mfano wa kampuni inayojiwekea shilingi 5 katika kila 100 kwa mechi moja. Mtu anaona ni kidogo. Lakini akiunganisha mechi kumi kwenye mkeka mmoja, kampuni inachukua fungu lake juu ya fungu, mara kumi, na kwa wastani katika kila shilingi 100 zinarudi kwa wachezaji kama 60 tu. Nyingine 40 zimekwenda. Ukichana mkeka kwa mechi moja unajilaumu kwa kuiamini timu fulani, kumbe ulishauziwa bei kubwa kabla mpira haujawekwa kati. Kasino ya Atlantic City, kwa ubaya wake wote, haikutozi hivyo kwenye mstari wa PASS.

Hapa ndipo ninapowadai wenye mamlaka. Tanzania tunayo Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 na bodi inayoisimamia, na Kenya nao wana wasimamizi wao. Naomba jambo moja lililo wazi: kila mkeka, kabla ya mtu kubonyeza kuthibitisha, uonyeshe kwa shilingi kiasi ambacho kampuni inatarajia kubaki nacho katika kila 100. Iandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za zawadi. Anayenunua unga anaona bei yake dukani. Anayenunua bahati naye ana haki hiyo. Kampuni zitasema wateja hawaelewi hesabu. Wateja wanaojua uwiano wa malipo wa ligi kumi za Ulaya kwa moyo wanaielewa hesabu vizuri sana; wamefichwa namba moja tu.

Wale wanaofunga safari pamoja, iwe Atlantic City, Las Vegas au kasino ya mji wao, nawapa masharti yangu. Kila mtu aweke fungu lake kwenye bahasha kabla ya kuondoka nyumbani, fedha ambayo ikipotea yote hakuna bili itakayolala. Ihesabuni kama nauli iliyokwisha kulipwa. Kadi za benki zibaki hotelini. Chezeni mstari, na madau ya katikati ya meza waachieni wengine. Asikopeshwe mtu mezani, hata ndugu wa damu. Na mnapoondoka, ondokeni wote, kwa kuwa anayebaki peke yake alfajiri akijaribu kurudisha alichopoteza ndiye mtakayemchangia mwezi ujao.

Halafu, kabla gari halijawashwa, kila mmoja amchague mwenzake atakayekuwa na ruhusa ya kumwambia "basi", na aahidi mbele ya wote kwamba akiambiwa atatii. Ni ahadi ngumu, nimeona mtu akiitimiza kwa hasira. Kundi ambalo halina mtu wa kupewa ruhusa hiyo lisiende kasino. Na wewe unayecheza peke yako kwenye simu, mtafute mtu huyo leo, mwonyeshe salio lako, na mpe ruhusa hiyo hiyo.