Nukuu Sahihi Haitoshi: Barua ya Wazi kwa Baraza la Habari Tanzania

Ndugu Katibu Mtendaji,

Nakuandikia kutoka Mbulu kuhusu namna vyombo vya habari vinavyopokea madai kwamba chanjo za watoto huleta usonji. Madai hayo yalipata nguvu mpya Novemba 2025, pale CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilipobadili maelezo ya tovuti yake na kudai kuwa kauli ya kwamba chanjo hazisababishi usonji haina msingi wa ushahidi. Habari ya aina hiyo haikawii kufika Haydom, Dongobesh au Katesh. Ombi langu kwa Baraza ni moja: kanuni zenu za maadili zitamke bayana kwamba katika habari za afya kunukuu kwa usahihi hakutoshi, na kwamba mwandishi anawajibika pia kueleza uzito wa ushahidi ulio nyuma ya maneno anayonukuu.

Uingereza imekwishatuonyesha gharama ya kutofanya hivyo. Februari 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake, kuhusu watoto 12 tu, iliyoihusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubella (MMR) na usonji, na kwa miaka kadhaa magazeti na televisheni yakawa yanaweka pande mbili sambamba, kila upande na msemaji wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipowauliza wananchi, zaidi ya nusu walidhani kwamba kwa kuwa pande zinapewa nafasi sawa, basi na ushahidi unalingana. Haukulingana hata kidogo. Mwaka 2002 utafiti wa Denmark uliofuatilia watoto zaidi ya 537,000 haukuona usonji zaidi kwa waliochanjwa, na mwaka 2019 mwingine, wa watoto 657,461, ukafikia jibu lilelile. Wakati mabishano hayo yakiendelea, England, ambako watoto 92 katika kila 100 walikuwa wakipata chanjo ile katikati ya miaka ya 1990, ilikuwa imeshuka hadi kama 80 mwaka 2003/04. The Lancet liliifuta makala hiyo Februari 2010 na Wakefield akaondolewa kwenye rejesta ya madaktari mwaka huohuo. Aliyeufichua ukweli alikuwa mwandishi wa habari, Brian Deer wa Sunday Times, aliyefuatilia rekodi za watoto wale na fedha ambazo Wakefield alilipwa kupitia wakili aliyekuwa akiandaa kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo. Kwa hiyo anayesema kanuni ninayoiomba itaufunga mdomo uandishi ajiulize: katika kisa hiki, uandishi ulikuwa wapi zaidi, kwa walionukuu au kwa aliyechunguza?

Pingamizi lililo zito kweli ni la wazazi. Mama anasema mwanawe alikuwa mzima, akachomwa sindano, kisha akaacha kusema. Hadanganyi, na asidhihakiwe. Lakini hapa kwetu chanjo ya surua na rubella, iliyoingia nchini mwaka 2014, hutolewa mtoto akiwa na miezi 9 na tena akiwa na miezi 18, na ni katika umri huohuo wazazi wengi huanza kuona dalili za usonji: mtoto hageuki akiitwa, maneno hayaji. Hata kama chanjo haina uhusiano wowote na usonji, wapo watoto wengi ambao mambo hayo mawili yatafuatana. Swali ni kama wasiochanjwa wanapata usonji kwa uchache zaidi, na hilo ndilo Denmark ilipima. Mwandishi amsikilize mama huyo na kumtangaza, ila ulinganisho huo uwe ndani ya habari ileile, usisubiri toleo la kesho. Aeleze pia kwamba rubella ikimpata mama mjamzito inaweza kumwathiri mtoto tumboni, na kwamba baada ya mlipuko wa mwaka 1964 Marekani, watafiti walikuta usonji mwingi kuliko kawaida miongoni mwa watoto walioathirika hivyo. Chanjo inayoshutumiwa huzuia chanzo kimoja kinachojulikana.

Wengine watasema wananchi wamechoka kuambiwa wawaamini wakubwa. Wana haki. Januari 2021 kiongozi wa nchi alizitilia shaka hadharani chanjo za UVIKO-19, na Julai mwaka huohuo mrithi wake alichanjwa mbele ya kamera. Ndiyo maana siombi waandishi wabadilishe mamlaka moja kwa nyingine. CDC ilipobadili maneno yake, takwimu za Denmark hazikubadilika. Mwandishi aliyezoea kuuliza nani kasema atayumba kila ofisi inapopata bosi mpya. Anayeuliza wamejuaje, kwa watoto wangapi, wakilinganishwa na nani, ana mahali pa kusimama.

Mbulu na Hanang habari husikika kwa Kiswahili kisha husimuliwa nyumbani kwa Kiiraqw au Kidatoga, na katika kusimuliwa huko kinachobaki ni sentensi ya kwanza. Kwa hiyo uzito wa ushahidi usiwekwe aya ya mwisho. Uwe kwenye kichwa cha habari au sentensi ya kwanza, na marekebisho yasomwe saa ileile na kwa urefu uleule uliopewa kosa. Naomba Baraza liiweke hoja hii mbele ya wahariri, likianza na redio za mikoani, na litangaze hadharani uamuzi wake.

Wasalaam,
Msikilizaji na msomaji wenu, Mbulu