Tunatazama Nini Katika Filamu ya Umar al-Mukhtar?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu Waislamu, likizo hii ya madrasa nimezitazama filamu mbili za Moustapha Akkad, mzaliwa wa Halab, Syria: "Ar-Risala" ya mwaka 1976, na ile ya Umar al-Mukhtar iliyotoka mwaka 1981. Naomba nitoe rai yangu.

"Ar-Risala" ilitengenezwa mara mbili, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza. Ndani yake Mtume (S.A.W.) haonyeshwi wala sauti yake haisikiki. Adabu hiyo naithamini. Hata hivyo, naiona filamu ya pili kuwa bora zaidi. Mhusika wake ni mwalimu wa Qur-aan aliyewapinga Wataliano nchini Libya kwa takriban miaka 20, hadi walipomnyonga tarehe 16 Septemba 1931, naye ni mzee wa miaka ipatayo 70. Italia iliipiga marufuku filamu hiyo mwaka 1982. Televisheni yao ilikuja kuionyesha mwaka 2009.

Linalonisikitisha ni namna vijana wetu wanavyoitazama. Waulizeni watokapo katika mabanda ya video: watawasimulia farasi, bunduki na vifaru. Ni wachache watakaomtaja yule ofisa kijana wa Kitaliano aliyetekwa. Walikuwapo waliotaka auawe, kwa hoja kwamba Wataliano nao huwaua mateka. Umar akakataa, kwani hakumfanya adui kuwa mwalimu wake. Akamwachia aende zake. Kwangu mimi, hapo ndipo ulipo moyo wa filamu nzima. Nasi tunaisoma Suratul Insaan, ambayo katika aya yake ya 8 inawasifu wanaomlisha mateka.

Tukumbuke pia mwisho wa Akkad mwenyewe. Mwezi wa Novemba 2005, hoteli tatu za mjini Amman, Jordan, zililipuliwa na watu waliodai kuupigania Uislamu. Katika mojawapo walikuwamo watu wa arusi. Akkad na binti yake ni miongoni mwa waliofariki kwa milipuko hiyo. Je, waliotega mabomu yale wana nasaba gani na mzee aliyekataa kumwua mateka mmoja?

Enyi wazazi na walimu, kukataza peke yake hakutoshi, maana leo filamu zimo ndani ya simu za watoto. Keti na mwanao mtazame pamoja. Mfikapo pale mateka anapoachiwa, simamisha filamu, umwulize: "Kwa nini hakumwua, ilhali wenzake waliuawa?" Mpe nafasi ajibu kwanza, kisha mfundishe hukumu za vita na haki za mateka kama wanavyuoni walivyozibainisha. Asipozisikia kwetu, atafundishwa jihadi na wale waliolipua arusi.

Wabillahi tawfiq.