Owino Uhuru: Kiwanda kilifungwa 2014, sumu haikufunga virago

Mtoto aliyezaliwa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, mwaka 2007 alizaliwa pamoja na kiwanda. Mwaka huo ndio kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi ukutani mwa mtaa huo, eneo la Mikindani.

Mahakama ya Juu ya Kenya ilipomaliza kesi ya sumu iliyotoka kiwandani humo, Desemba 6, 2024, mtoto huyo alikuwa na miaka 17. Amebakisha kidogo tu achukue kitambulisho.

Mahakama ilirejesha fidia ya Sh1.3 bilioni kwa wakazi. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini ukiitazama safari nzima, swali gumu linabaki: serikali imefanya nini kuhusu sumu yenyewe, ukiacha kubishana ni nani alipe?

Ilikuwaje?

Owino Uhuru ni mtaa wa mabanda wenye wakazi wapatao 3,000. Kiwanda cha Metal Refinery kilikuwa kikinunua betri kuukuu za magari, kuzipasua, kumwaga tindikali na kuyeyusha madini ya risasi yaliyomo ndani. Kilifanya kazi chini ya mpango wa EPZ, yaani bidhaa zake zilikuwa za kuuzwa nje ya nchi.

Kwa lugha rahisi, faida ilipanda meli na moshi ukabaki mtaani.

Moshi ulitua juu ya mabati, na mvua iliponyesha, maji yale yale ndiyo watu waliyakinga kwa matumizi ya nyumbani. Vumbi lilitua kwenye udongo ambao watoto wanauchezea. Wafanyakazi walirudi nyumbani na vumbi hilo kwenye nguo.

Mwaka 2009, Phyllis Omido aliajiriwa kiwandani humo. Baadaye mwanawe mchanga aliugua, na vipimo vikaonyesha ana risasi kwenye damu. Mtoto hakuwahi kushika betri. Sumu ilimfikia kupitia maziwa ya mama.

Omido aliacha kazi, akaanzisha shirika la kutetea haki za mazingira, CJGEA, na kuanza kugonga milango ya ofisi za serikali. Mwaka 2012 alikamatwa pamoja na wakazi wengine wakati wa maandamano na kushtakiwa kwa uchochezi. Mahakama ikamwondolea lawama.

Tazama mpangilio huo vizuri. Aliyelalamika alifikishwa kortini miaka miwili kabla ya kiwanda kufungwa.

Kwa nini risasi inawaumiza watoto zaidi?

Hii si risasi ya bunduki. Ni madini mazito, na mwili wa binadamu hauyahitaji hata kidogo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu kinachojulikana kuwa salama.

Tatizo ni kwamba mwili huidhania risasi kuwa kalsiamu, ile inayojenga mifupa na meno. Kwa hivyo huipokea na kuihifadhi. Mtoto mdogo huifyonza kwa wingi kuliko mtu mzima, na ubongo wake bado unajengwa. Matokeo yake ni upungufu wa damu, uzito wa kujifunza, tabia kubadilika, na sumu ikizidi sana, degedege na kifo.

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2021 unasema mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi kwa kila desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kiondolewe.

Utafiti uliopima watoto mwaka 2015, kiwanda kikiwa tayari kimefungwa, ulikuta wastani wa mikrogramu 7.4 kwa watoto wa Owino Uhuru. Katika mtaa wa Bangladesh, ulio Mombasa hapo hapo, wastani ulikuwa 3.7. Yaani watoto wa jirani na kiwanda walikuwa na risasi maradufu ya wenzao, na wengine walifika hadi 31.

Je, serikali ilikaa kimya?

La, haitakuwa haki kusema hivyo. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Seneti ilichunguza suala hili. Sampuli za damu na udongo zilichukuliwa.

Shida ni kwamba kila hatua iliishia kwenye karatasi. Kupima damu si tiba. Ripoti haiondoi udongo. Na kufunga kiwanda kunazuia sumu mpya tu, ile iliyokwisha kumwagika haiendi popote. Risasi haiozi kama taka za jikoni, na jua la Mombasa haliichomi. Itakaa kwenye udongo hadi mtu aje aichimbe au aifunike.

Kisha kuna suala la nani alipaswa kuzuia haya tangu mwanzo. Sheria ya mazingira ya Kenya ya mwaka 1999 inataka kiwanda cha aina hii kifanyiwe tathmini ya athari za mazingira kabla hakijawasha tanuri. Mamlaka ya kitaifa ya mazingira, NEMA, ndiyo msimamizi. Hii ndiyo sababu mahakama haikuishia kwa mwenye kiwanda peke yake.

Miaka minane ya danadana kortini

Wakazi walienda Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa mwaka 2016. Silaha yao kubwa ilikuwa Kifungu cha 42 cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Yule mtoto wetu wa 2007 alikuwa na miaka 9.

Julai 2020, Jaji Ann Omollo aliamua kwamba haki za wakazi zilikiukwa. Akaagiza walipwe Sh1.3 bilioni, na eneo lisafishwe. Lisiposafishwa, zitolewe Sh700 milioni za kazi hiyo. Mtoto alikuwa na miaka 13.

NEMA, iliyobebeshwa asilimia 40 ya lawama, ilikata rufaa. Juni 2023, Mahakama ya Rufaa ikafuta fidia na kurudisha suala hilo chini likasikilizwe upya. Mtoto alikuwa na miaka 16.

Desemba 2024, Mahakama ya Juu ikairejesha fidia.

Kukata rufaa ni haki ya kila mtu, NEMA ikiwemo. Hoja kwamba aliyechafua ndiye alipe kwanza nayo si ya kutupwa. Lakini kuna jambo ambalo kalenda ya mahakama haikulizingatia, nalo ni jinsi sumu hii inavyofanya kazi mwilini.

Risasi iliyo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya mwezi mmoja hivi, ikiwa hakuna nyingine inayoingia. Inayobaki hujificha kwenye mifupa kwa miaka na mikaka. Kwa hivyo mtu aliyepata sumu kali mwaka 2010 anaweza kupimwa damu leo na kipimo kikaonyesha kiwango cha chini, ilhali madhara aliyoyapata ubongo wake utotoni hayajaenda kokote.

Ndiyo maana kuwaambia waathiriwa warudi chini wakathibitishe upya madhara yao lilikuwa jambo zito. Kila mwaka unaopita, ushahidi ulio kwenye damu unazidi kufutika. Kuchelewa kunamsaidia anayeshtakiwa, hata kama hakukusudia.

Hesabu za pesa

Sh1.3 bilioni ni pesa nyingi ukizisikia kwa mkupuo. Zigawe kwa wakazi 3,000, unapata kama Sh433,000 kwa kila mmoja. Hiyo ni hesabu ya haraka tu, si mpango rasmi wa malipo, lakini inaonyesha ukubwa halisi wa kitita. Kwa mzazi mwenye mtoto anayehitaji uangalizi wa maisha, pesa hizo haziendi mbali.

Halafu kuna swali la zinatoka wapi. Asilimia 40 ya NEMA pekee ni Sh520 milioni. NEMA ni taasisi ya umma. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya bili inamwangukia mlipa kodi, na sehemu ya kampuni inategemea kama bado ina kitu cha kuchukuliwa. Tanuri lilizimwa zaidi ya miaka kumi iliyopita.

Na kushinda kesi dhidi ya serikali si sawa na kulipwa. Ukimshinda jirani yako kortini na akakataa kulipa, unamtumia dalali. Wizara ya serikali huwezi kuipelekea dalali. Sheria ya Kenya hairuhusu mali ya serikali kupigwa mnada kwa ajili ya deni la kesi. Mwenye hukumu hulazimika kurudi kortini kuomba amri ya kumlazimisha afisa anayesimamia fedha za wizara husika alipe. Yaani kesi juu ya kesi.

Kwa hivyo jambo la kufuatilia sasa liko kwenye bajeti. Fungu likiwa halina jina la Owino Uhuru, hukumu inabaki kuwa karatasi nzuri ya kutundika ukutani.

Udongo ndio habari kuu

Katika mjadala wote, fidia ndiyo inayobeba vichwa vya habari. Lakini ukimuuliza daktari yeyote anayeijua risasi, atakuambia kitu cha kwanza ni kumtenganisha mtoto na chanzo.

Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo. WHO inazipendekeza kwa mtoto mwenye mikrogramu 45 au zaidi. Ila ukimtibu mtoto na kumrudisha kucheza kwenye udongo ule ule, umemwaga maji kwenye pakacha.

Senegal ilijifunza hili kwa uchungu. Huko Thiaroye-sur-Mer, mji wa pwani karibu na Dakar, watu walikuwa wakichimba na kuchekecha udongo uliojaa risasi kutoka kwa betri za magari. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008, watoto 18 walifariki. Serikali ilianza kuondoa udongo mwaka huo huo wa 2008, na WHO ikaingia kusaidia kupima na kutibu.

Kazi ya Thiaroye haikuwa kamilifu. Lakini ilianza ndani ya miezi, bila kusubiri mahakama imalize kugawa lawama. Hilo Kenya ingeweza kulifanya pia: safisha kwanza, mdai mchafuzi baadaye. Hakuna sheria inayoizuia serikali kupeleka tingatinga mahali watoto wanapougua.

Betri bado zinanunuliwa

Mtu anaweza kusema hii ni habari ya zamani. Si kweli. Zaidi ya asilimia 80 ya risasi inayotumika duniani huishia kwenye betri. Magari yanaongezeka, bodaboda zinaongezeka, nyumba zenye umeme wa jua zinaongezeka. Kila betri ya aina hii hufa siku moja, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi yenye bei sokoni.

Kuchakata betri si dhambi. Kukifanywa vizuri, kwenye kiwanda kilichofungwa, chenye vichujio vya moshi na kilicho mbali na makazi, ni bora kuliko kuzitupa. Kenya ina Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayomtaka mzalishaji au mwagizaji awajibike kwa bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Kwenye karatasi, hiyo ni hatua kubwa.

Lakini na sheria ya 1999 ilikuwa kwenye karatasi wakati tanuri la Owino Uhuru linawashwa. Kipimo cha sheria mpya kitakuwa siku mkaguzi atakapofika kwenye kiwanda kabla wakazi hawajaanza kukohoa, na akawa na nguvu ya kukifunga siku hiyo hiyo.

Nini cha kutazama?

Mambo matatu yataonyesha kama serikali imesikia. Kwanza, kama fedha za fidia zitatengwa kwenye bajeti na kuwafikia wenyewe. Pili, kama udongo wa mtaa utaondolewa au kufunikwa, na maji na mabati kukaguliwa. Tatu, kama wakazi watapewa vipimo na matibabu ya muda mrefu, bila kulazimika kujilipia.

Hilo la tatu lina haraka ambayo wengi hawaifahamu. Mwanamke akishika mimba au kunyonyesha, mwili wake huchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa ili kumjenga mtoto. Risasi iliyojificha humo hutoka nayo.

Msichana aliyezaliwa Owino Uhuru mwaka 2007 sasa anaingia utu uzima. Asipopimwa na kufuatiliwa, sumu ya kiwanda kilichozimwa akiwa na miaka 7 inaweza kumfikia mtoto wake.