MAMBO YA NYUMBANI: Vikeki vya Mviringo na Haki ya Jirani



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo dogo la jikoni, nalo limenikumbusha somo nililolisomesha kwa miaka mingi bila ya kulitimiza ipasavyo.

Mpwa wangu akaaye Dar es Salaam alituletea hapa Sumbawanga mashine ndogo ya umeme ya kuokea vikeki vya mviringo. Hukaa juu ya meza. Ina sahani mbili za chuma, ya chini na ya juu, na kila moja ina vishimo 12 vya nusu duara. Sahani zikifunikwa pamoja, rojo la unga huiva pande zote kwa mara moja. Akina mama watasema: "Hicho si chuma cha vitumbua kilichotiwa umeme?" Naam, hawakukosea, tofauti ni kwamba hapa hakuna haja ya kugeuza wala ya mafuta mengi. Kikeki kikipoa huchomekwa kijiti mfano wa pipi. Huko Marekani vikeki vya namna hii vilipata umaarufu tangu mwaka 2008, kwa kazi ya bibi mmoja aitwaye Angie Dudley. Yeye aliivunjavunja keki iliyokwisha kuiva, akaichanganya na krimu ya sukari, kisha akaifinyanga kwa mkono.

Siku ya kwanza tulifuata kipimo cha watu wa pwani, tukaharibu. Vikeki viliumuka upesi, kisha vikabonyea katikati. Sababu yake ni hii: mji wetu umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100. Basi keki huinuka kabla ya kushikana, nayo huanguka. Dawa yake ni kupunguza kidogo unga wa kuumulia na sukari.

Kipimo kilichotufaa ni hiki: unga wa ngano kikombe kimoja, na apendaye atoe robo yake atie unga wa ulezi, sukari theluthi ya kikombe, bekingi pauda robo tatu ya kijiko cha chai, chumvi kidogo, yai moja, maziwa nusu kikombe, mafuta ya alizeti robo kikombe, na iliki iliyosagwa. Changanya vikavu mbali na vya majimaji mbali, kisha uviunganishe bila ya kukoroga sana. Washa mashine ipate moto, tia kijiko kimoja cha chakula cha rojo katika kila kishimo cha chini, ufunike kwa dakika nne au tano. Choma kijiti; kikitoka kikavu, vimeiva. Vitoe kwa kijiti cha mti, wala usitumie kisu, kwani kitaukwaruza utando usiogandisha. Rojo hili hutoa vikeki 24 hivi, yaani mikupuo miwili. Apendaye huvichovya katika chokoleti iliyoyeyushwa. Na katika baridi yetu ya mwezi wa Juni na Julai hukauka mezani bila ya jokofu.

Vikeki vilivyobonyea navyo visitupwe, kwani israfu imekatazwa. Vivunjevunje kama alivyofanya yule bibi, tia maziwa mazito kidogo, ufinyange upya.

Sasa niwaeleze kisa chenyewe. Jioni moja ya Alhamisi vilitoka vizuri, na harufu ya iliki ikajaa uani. Nikahesabu: vikeki 24, nasi nyumbani tu watu sita, kila mtu vinne. Nikaagiza mlango ufungwe. Jumamosi nikaingia madrasa, na somo la siku hiyo lilikuwa usia wa Mtume (S.A.W.) kwa Abu Dharr, kwamba apikapo mchuzi aongeze maji, apate kuwagawia jirani zake. Mtoto mmoja yatima, ambaye nyumba yao na yangu zatenganishwa na ua wa matete, akanyoosha mkono akasema: "Maalim, na harufu ya keki nayo ina haki kama ya mchuzi?"

Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka. Mtoto yule hakuwa na nia ya kunitahayarisha. Aliuliza kama mwanafunzi aulizavyo. Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu, ina haki," na jioni ile ile binti yangu akapeleka sahani yenye vikeki 12 kwa mama yake. Tangu siku hiyo tumeweka kanuni: mkupuo wa kwanza ni wa jirani, wa pili ni wetu. Nasi hatujapata kulala na njaa kwa sababu hiyo.

Wazazi, yafaa pia mwangalie yaingiayo ndani ya keki. Arki halisi ya vanila huyeyushwa katika ulevi. Sheria ya Marekani yataka usipungue asilimia 35. Mapambo mengine yana jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe. Someni maandishi ya chupa na pakiti. Penye shaka tumieni iliki, ambayo haina shaka.

Vijana nanyi, kabla ya kuchomeka mashine iliyoletwa kutoka ng'ambo, tazameni maandishi ya chini yake. Iliyotengenezwa kwa volti 110 itaungua katika umeme wetu wa volti 230. Wala msiogope gharama: mashine ya wati 700 ikiwaka nusu saa hutumia zaidi kidogo ya theluthi ya yuniti moja. Lakini mkimaliza ichomoeni, na watoto wadogo wakae mbali, kwani sahani zake huchoma.

Asiyekuwa na mashine asihuzunike. Achukue chuma cha vitumbua, akipake mafuta, akiweke juu ya mkaa wa moto mdogo, atie rojo hili hili, na likishikana upande mmoja aligeuze. Ladha haipungui, wala thawabu ya kugawa haipungui. Mwenyezi Mungu haangalii ni moto gani uliookea, bali ni mkono gani uliopelekewa.

Wabillahi Tawfiq.